UZI: Tabitha Chawinga, dada mkubwa aliyefyeka njia kutoka Rumphi hadi Lyon

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jina la Temwa Chawinga sasa hivi liko mdomoni mwa kila anayefuatilia soka la wanawake, na ni haki yake. Misimu miwili mfululizo, 2024 na 2025, amekuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Marekani. Ila kila nikiingia kwenye mjadala wake nakuta mtu ameandika, "kumbe ana dada yake naye anacheza Ufaransa." Kumbe! Naumia nikisoma hivyo. Huyo dada alishakuwa mfungaji bora Sweden, China, Italia na Ufaransa kabla wengi hatujajua kuitamka Kvarnsveden, klabu yake ya Sweden. Leo nataka nimwandikie Tabitha kwa urefu. Nitaweka kwa vipande kwa sababu naandikia kwenye simu, mnivumilie.

Kwanza Rumphi ni wapi. Sisi wa Kyela tunaijua. Ukivuka mpaka pale Kasumulu unaingia Karonga, kwa Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa chetu ni kitu kimoja. Unashuka na barabara kuu kuelekea Mzuzu, ziwa liko kushoto kwako, halafu kabla ya kufika Mzuzu unakata kulia kuelekea milima ya Nyika. Ni nchi ya Watumbuka, watu wa mahindi na tumbaku. Tabitha alizaliwa huko tarehe 22 Mei 1996, na mdogo wake Temwa akafuata Septemba 1998. Alianza kucheza na wavulana kama wasichana wengi wa kwetu wanavyoanza, kwa sababu timu ya wasichana haikuwepo. Ukitaka mpira unaingia walipo wenye mpira.

Baadaye akaenda Lilongwe kuchezea DD Sunshine. Kumbukeni jina hilo, ni klabu ya wanawake ambayo wote wawili wamepitia.

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Sasa kipande ambacho nilisitasita kukiandika.

Tabitha amesimulia mwenyewe, kwenye mahojiano, kwamba akiwa na miaka 13 timu pinzani ilikataa kuamini kuwa ni msichana. Alikuwa na mbio kuliko wote uwanjani na alikuwa anafunga. Walimvua nguo palepale uwanjani, mbele ya watu, ili wathibitishe. Alilia. Na halikumpata mara moja tu, alisema lilimpata tena.

Nilisoma habari hiyo nikaweka simu chini.

Mimi nilicheza winga ya kulia nikiwa shule ya msingi. Kwenye mashindano fulani, shule siitaji, tulikuwa tunaongoza mabao mawili, yote nimefunga mimi. Mapumziko yalipofika mwalimu wa timu pinzani akaja na watu wake, akasema, "Huyu jike dume akaguliwe, la sivyo hatuchezi." Mwalimu wetu wa kike akanishika mkono tuelekee kwenye chumba cha kuhifadhia majembe. Nikagoma mlangoni. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, mpaka leo nakumbuka ile rangi ya kijani ilivyokuwa imebabuka chini ya vidole vyangu. Hawakunilazimisha, ila hawakunirudisha uwanjani pia. Nilifungwa khanga juu ya jezi, nikakaa kwenye nyasi kipindi chote cha pili. Tukafungwa tatu mbili. Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha, kama vile kosa ni langu.

Niliacha mpira mwaka uliofuata. Tabitha hakuacha. Ndiyo maana namfuatilia miaka yote hii, na ndiyo maana sikubali aitwe "dada yake Temwa".

Beki Tatu

Pole sana dada. Hiyo habari ya ukaguzi bado ipo mpaka leo, msidhani ni ya zamani. Nimeishuhudia kwenye mechi ya mtaani. Msichana akiwa na mbio na kifua kipana, basi watu wanaanza kunong'ona.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Endelea, tupo.

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, asante. Beki Tatu, asante kaka.

Naendelea na Sweden.

Mwaka 2014, mwaka aliotimiza miaka 18, Tabitha alisajiliwa na Krokom/Dvärsätts. Hakuna mwanamke wa Malawi aliyekuwa amewahi kuchezea klabu ya Ulaya kabla yake. Mtu akisikia Ulaya anawaza taa, kamera na jumba la mazoezi. Krokom ni mji mdogo kule kaskazini katikati ya Sweden, karibu na Östersund, na timu ilikuwa daraja la tatu. Daraja la tatu, wakuu. Theluji miezi na miezi, lugha usiyoijua, jua linazama mchana wa baridi hujamaliza kula. Binti ametoka Rumphi, hana hata mwenzake mmoja wa nyumbani wa kumpigia stori kwa Kitumbuka.

Alichofanya ni kufunga. Akafunga mpaka klabu ya juu yake ikamwona. Mwaka 2015 akahamia Kvarnsveden, timu ya mji wa Borlänge iliyokuwa daraja la pili, akapachika mabao 43 kwenye ligi ndani ya msimu mmoja, na timu ikapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Msimu wa kwanza ligi kuu akafunga 15. Mwaka 2017 akafunga 26, akawa mfungaji bora wa Damallsvenskan, yaani ligi kuu ya wanawake ya Sweden.

Damallsvenskan si ligi ya kupita njia. Marta wa Brazil alitamba huko kabla ya kila mtu kumjua. Na hii Kvarnsveden haikuwa Rosengård wala Linköping, haikuwa timu ya kugombea ubingwa. Straika wa timu kubwa anapewa nafasi sita kwa mechi. Straika wa timu ndogo anapewa moja na nusu, tena ile nusu anajitafutia mwenyewe katikati ya mabeki wawili. Mabao 26 kwenye mazingira hayo ni kazi ya mtu mzito.

Mkipata video zake za wakati huo muangalie jambo moja. Mpira unapopigwa mrefu, yeye hakimbilii mpira moja kwa moja. Anachukua hatua mbili tatu kumwendea beki, anamgusa bega, ndipo anafyatuka. Beki anakuwa ameshapoteza mizani kabla mbio hazijaanza. Mbio unazaliwa nazo, ila ile hatua ya kumwendea beki mtu ameifundisha miguu yake kwa miaka, na nadhani aliifundishia kwa wavulana wa Rumphi waliokuwa na miili kumzidi.

Mama Pacha

Dada mimi si mtu wa mpira sana, binti yangu ndiye anacheza. Swali: sasa kama alikuwa mfungaji bora Sweden, kwa nini akaenda China badala ya Uingereza au Hispania? Si kama kurudi nyuma?

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Swali zuri dada, na ndilo swali ambalo wachambuzi wengi wanalipita haraka.

Mwaka 2018 alipoenda Jiangsu Suning, soka la wanawake Ulaya halikuwa na fedha zinazoonekana leo. Ligi kuu ya wanawake ya Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye mfumo wa wachezaji wote kuwa wa kulipwa, msimu wa 2018/19. Klabu za China zilikuwa na makampuni makubwa nyuma yake na zilikuwa tayari kumlipa straika. Mchezaji wa kike anacheza miaka kumi na tano ikiwa Mungu amemjalia magoti mazima. Nyumbani kuna ndugu wanasubiri, kuna ada za shule, kuna paa la kuezeka. Sisi mashabiki tunataka aende kwenye jina kubwa, yeye anataka mshahara unaofika tarehe yake. Sioni kosa hapo hata kidogo. Na hakwenda peke yake kwenye njia hiyo: Barbra Banda wa Zambia naye alipitia Shanghai kabla ya Orlando Pride kumnunua mwaka 2024 kwa zaidi ya dola 700,000. Anayeiita China kurudi nyuma aangalie waliotokea huko.

Jiangsu ikawa bingwa mwaka 2019, na kiatu cha ufungaji Tabitha akakichukua huko pia. Halafu mambo yakageuka. Kampuni ya Suning ikaingia kwenye shida ya fedha, timu ya wanaume ya Jiangsu ikafungwa Februari 2021, miezi michache tu baada ya kubeba ubingwa wa nchi. Fikiria bingwa wa nchi anafungwa kama duka. Tabitha akahamia Wuhan Jianghan, ambako tayari alikuwepo Temwa.

Hapo nilifurahi kuliko siku zote. Temwa alikuwa amepita mlemle alimopita dada yake: DD Sunshine, kisha Kvarnsveden ileile, kisha China. Hakulazimika kuanzia daraja la tatu kwenye theluji ya Krokom, kwa sababu jina Chawinga lilikuwa limeshafika Borlänge na lilikuwa na maana ya mabao. Mlango ulifunguliwa na mtu.

Kocha wa Jioni

Hapo nakubaliana na wewe. Ila tuwe wakweli, Temwa amempita. Mabao 63 ndani ya mwaka 2023 katika mashindano yote. Halafu ameenda Kansas City Current ya Marekani, msimu wa kwanza tu kafunga 20 akavunja rekodi ya Sam Kerr ya mabao 18, na akafunga dhidi ya kila timu ya ligi msimu huohuo. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kule. Tabitha ni mkubwa kwa umri, kwa mpira Temwa ndiye mkubwa.

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Kocha, namba zako ni sahihi zote na Temwa nampenda. Lakini tuangalie Tabitha alichofanya alipotoka China, maana hapo ndipo watu wanapomnyima haki yake.

Msimu wa 2022/23 Wuhan walimtoa kwa mkopo Inter Milan. Kwa Mama Pacha na wengine: kucheza kwa mkopo maana yake mkataba wako unabaki klabu yako, unaazimwa msimu mmoja, na msimu ukiisha unaweza kurudishwa. Huna nyumba ya kudumu, hujui mwakani watoto wa jirani watakuwa wanaongea lugha gani. Kwenye hali hiyo alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa Serie A, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo kwenye ligi ya wanawake ya Italia.

Msimu uliofuata, mkopo mwingine, PSG. Mabao 18 kwenye ligi, Kombe la Ufaransa, na chama cha wachezaji wa kulipwa wa Ufaransa kikamtangaza mchezaji bora wa msimu wa ligi. Tuzo hiyo wanapiga kura wachezaji wenyewe, yaani mabeki waliomkaba ndio waliompa.

Nchi mbili, lugha mbili, misimu miwili, na zote mbili kwa mkopo. Nina miaka mingi natazama mpira na sijaona wengi wa hivyo, wanaume kwa wanawake. Agosti 2024 Lyon wakampa mkataba mpaka 2027, klabu iliyobeba Ligi ya Mabingwa ya wanawake mara nane kuliko yeyote, na msimu wake wa kwanza wakachukua ubingwa wa Ufaransa. Ana miaka 28 wakati huo. Miaka kumi tangu Krokom.

Kocha, sibishani kwamba Temwa ana kiwango cha kutisha. Nasema mmoja alikuta njia imelimwa, mwingine alishika panga.

Kocha wa Jioni

Hiyo ya kura za wachezaji sikuwa naijua. Nimeelewa hoja yako, dada. Natoa heshima yangu.

Beki Tatu

Na timu yao ya taifa? Mimi naikumbuka Malawi tulivyowafunga fainali ya COSAFA, kombe la nchi za kusini mwa Afrika.

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Oktoba 2021, Afrika Kusini, 1-0, bao la Enekia Kasonga. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Twiga Stars tulikuwa wageni waalikwa kwenye mashindano ya kusini na tukaondoka na kombe.

Miaka miwili baadaye, 2023, Malawi walirudi wakalichukua wenyewe kwa kuwafunga Zambia 2-1, Temwa akiwa mfungaji bora wa mashindano. Na Oktoba 2025 wamefuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, mzunguko uleule ambao sisi na Kenya tumefuzu. Nchi yenye nahodha kama Tabitha ilikuwa haijawahi kufika hata mara moja. Kwa miaka yote aliyokuwa anabeba viatu vya ufungaji ughaibuni, kila fainali za Afrika zilipoanza yeye alikuwa kwenye kochi kama mimi na wewe.

Mama Pacha

Nimejifunza mengi leo. Sasa niulize la nyumbani kwangu. Binti ana miaka 16, yuko kwenye timu ya wasichana ya mkoa. Kuna mtu anajiita wakala, amempigia simu baba yake, anasema ana nafasi Ulaya, ila tutoe kwanza hela ya viza na "usajili wa mfumo". Baba yake ameanza kutafuta mteja wa shamba. Nifanyeje?

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Dada, mwambie shemeji asiuze hata mti mmoja kwenye hilo shamba.

Moja, binti ana miaka 16. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache sana zilizoainishwa, na "wakala amepata nafasi" si mojawapo. Tabitha mwenyewe aliondoka mwaka aliotimiza 18. Kwa hiyo huyo mtu ama hajui kazi yake ama anaijua sana.

Mbili, mawakala siku hizi wanafanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA, yeyote anaweza kutafuta. Muombe jina kamili na namba ya leseni. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Tatu, klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayogharamia. Inaandika barua ya mwaliko kwa klabu yake na shirikisho linajua. Mzazi hatoi hela ya "mfumo".

Nasema kwa uchungu kwa sababu msichana mmoja niliyemfundisha familia yake ilitoa milioni mbili na nusu kwa mtu wa namna hiyo. Aliambiwa asubiri simu. Alikaa na begi limefungwa chini ya kitanda wiki tatu nzima, nguo za baridi amenunua za mtumba, koti moja jekundu limemzidi ukubwa. Simu haikuja. Sasa hivi anauza dagaa sokoni na mpira hataki kuusikia.

Njia halali ipo, msikate tamaa. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa Brighton, ligi kuu ya Uingereza. Clara Luvanga yuko Al Nassr kule Saudia. Wote walianzia kwenye klabu za hapa nyumbani, wakaonekana, zikaandikwa karatasi. Binti acheze, amalize kidato, afikishe 18 akiwa na goti zima.

Mama Pacha

Mungu akubariki dada yangu. Nampigia baba yake sasa hivi.

Swali la mwisho, usinichoke. Bibi yake anasema mpira utamzuia kuzaa, na akizaa klabu itamfukuza. Hili la pili ni kweli?

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Sikuchoki. Mpira hauzuii kuzaa, mwambie bibi kwa heshima zote kwamba wapo wachezaji wakubwa wamejifungua na kurudi uwanjani.

La kufukuzwa lilikuwa kweli kwa miaka mingi, kimyakimya. Tangu Januari 2021 FIFA inazitaka klabu zote kumpa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, nane kati ya hizo zikiwa baada ya kujifungua, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na mkataba hauruhusiwi kuvunjwa kwa sababu ya mimba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipata ujauzito akiwa Lyon, klabu hiihii anayochezea Tabitha sasa, na mshahara wake haukulipwa kama inavyotakiwa. Alishtaki, akashinda, klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Kwa hiyo sheria ipo na imeshauma klabu kubwa. Lakini inamlinda mwenye mkataba wa maandishi. Wasichana wetu wengi wanacheza kwa maneno ya mdomo na nauli ya daladala, na hapo hakuna pa kushtaki. Binti akipewa karatasi, asomewe kila mstari kabla ya kusaini, hata kama ni Kiingereza, atafutwe mtu amtafsirie.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Mwanangu, umeandika hapo juu kwamba uliacha mpira, tena umesema una msichana uliyemfundisha. Kumbe ulirudi?

Winga wa Kyela (mleta uzi)

Nilirudi mzee wangu, kwa mlango wa nyuma.

Nina wasichana 23 hapa Kyela, mdogo ana miaka 11. Tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa kando ya mashamba ya mpunga, mvua zikizidi winga ya kushoto haipitiki kabisa. Njumu tunazo jozi 14. Kwa hiyo mechi ikiwa ya wao kwa wao, anayetoka anakaa chini palepale kwenye mstari, anavua, anampa anayeingia, na anayeingia anafunga kamba huku mwamuzi anasubiri. Wameshazoea. Mmoja miguu yake ni namba 36 na njumu ni 39, anajaza soksi mbele na anafunga mabao hivyohivyo.

Mwezi uliopita tulicheza kijiji cha jirani. Tukawa mbele, na nikamsikia mtu mzima nyuma ya goli anasema lile neno, jike dume, akimnyooshea mkono huyo wa soksi. Nilitembea mpaka pale nikasimama katikati yake na uwanja. Sikusema kitu. Nilisimama hapo mpaka filimbi ya mwisho, na mtoto akamaliza mechi akiwa na jezi yake, bila khanga.

Jumamosi saa kumi jioni tuna mazoezi. Aliye karibu na Kyela na ana njumu zilizotumika, namba 35 hadi 38 ndizo zinazokosekana.

Beki Tatu

Nina 37 jozi moja, soli bado nzima. Nazituma kwa basi la kesho asubuhi kutoka Mbeya, nitumie PM nimwachie nani stendi.